Jino Lililoacha Kuuma Lenyewe Halijapona

Asubuhi ya Jumatatu, foleni ya kliniki ya meno katika hospitali ya umma utaitambua hata kabla hujasoma kibao cha mlangoni. Mmoja ameshika shavu. Mwingine amejifunga leso kuanzia kidevuni hadi utosini. Wa tatu hajapata usingizi tangu Ijumaa. Ukiwauliza wamefuata nini, jibu huwa moja: "Daktari, ning'olee tu." Ni nadra mtu kuja na kusema, "Naona tundu dogo hapa, naomba uniangalie." Ndiyo sababu ya makala haya, kwa kuwa mengi ya meno tunayong'oa yangeweza kuzibwa miezi michache nyuma, kwa kikao kimoja, na yakaendelea kutafuna mahindi ya kuchoma kwa miaka mingi.

Kijana mmoja wa boda boda kutoka upande wa Njoro alitueleza kisa ambacho tumekisikia kwa watu wengi. Gego lake la chini lilianza kumuuma mwezi wa nne. Lilimsumbua wiki mbili, akanunua dawa za maumivu dukani, halafu siku moja likanyamaza. Akamshukuru Mungu, akarudi barabarani. Mwezi wa nane aliamka shavu limefura na mdomo haufunguki vizuri. "Lakini daktari, hili jino lilikuwa limepona," alisema.

Halikuwa limepona. Neva ya jino ndiyo iliyokuwa imekufa. Jino lililokufa halisikii baridi wala moto, kwa hiyo mwenyewe hupata nafuu, lakini bakteria walioliozesha wamebaki ndani, na sasa hakuna damu inayofika pale kupigana nao. Hushuka polepole kwenye mzizi mpaka kwenye mfupa wa taya, na huko ndiko jipu linakoanzia. Kipindi kile cha ukimya, ambacho kinaweza kuwa wiki au hata miaka, ndicho kinachowaponza watu wengi kuliko maumivu yenyewe.

Jino linavyooza

Jino lina tabaka tatu. Nje kuna enameli, ambayo ni ngumu kuliko mfupa na haina neva yoyote. Chini yake ni dentini, laini zaidi, yenye vijitundu vidogo mno vinavyoelekea ndani. Katikati ni moyo wa jino, penye neva na mishipa ya damu.

Bakteria wanaoishi kwenye utando wa meno hula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini ya enameli kidogo kidogo. Mate, yakipewa muda, huisafisha asidi na kuyarudisha baadhi ya madini yaliyopotea, kazi inayoweza kuchukua nusu saa au zaidi kila baada ya kula kitu kitamu. Kwa hiyo jambo kubwa si kiasi cha sukari peke yake, bali ni mara ngapi kwa siku. Bawabu anayepiga fundo la chai ya sukari kila baada ya dakika 20 usiku kucha hayapi mate nafasi hata kidogo. Angekunywa chai hiyo hiyo yote kwa mara moja na chakula, meno yake yangepata ahueni. Vivyo hivyo kwa mwenye duka anayeiweka soda kaunta na kuinywa kidogo kidogo hadi jioni, na kwa mtoto anayelala na chupa ya maziwa mdomoni.

Wengi bado huamini kwamba kuna funza ndani ya jino. Hakuna. Anayekuonyesha funza aliyemtoa kwenye jino lako, alikuja naye.

Kwa sababu enameli haina neva, hatua ya kwanza haina maumivu. Dalili yake ni doa jeupe kama chaki, mara nyingi karibu na ufizi, bila tundu. Doa hili halihitaji kizibo. Linahitaji dawa ya meno yenye floridi mara 2 kwa siku, kupunguza vitu vitamu katikati ya milo, na pengine daktari kulipaka floridi yenye nguvu zaidi. Enameli inaweza kukazwa upya. Tema povu baada ya kupiga mswaki, lakini usisukutue kwa maji mengi, maana utaiondoa floridi uliyoinunua.

Enameli ikishabomoka na kuwa tundu, mlango umefunguka. Mwili hauwezi kuliziba tundu hilo wenyewe, na hakuna dawa ya meno, mti wala unga utakaolifunga. Hapo ndipo kizibo kinapohitajika.

Madoa ya kahawia si lazima yawe kuoza

Hapa kwetu Bonde la Ufa ni lazima tulitaje jambo hili, kwa sababu linawachanganya watu. Maji ya visima vingi vya Nakuru, Naivasha, Gilgil na Njoro hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi nyingi. Kiwango kinachokubalika katika maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima kadhaa hupita hapo. Mtoto anayekunywa maji hayo kabla ya umri wa miaka 8 hivi, wakati meno yake ya kudumu yanajiunda ndani ya fizi, huota meno yenye michirizi meupe au madoa ya kahawia. Mtu mzima aliyehamia hapa hawezi kuyapata madoa hayo hata akanywa maji ya kisima kila siku.

Doa la floridi ni gumu, liko kwenye meno mengi kwa mpangilio unaofanana pande zote mbili za mdomo, na halikamati chakula. Haliumi. Kuoza hukaa mahali pamoja, mara nyingi kwenye mifereji ya gego au katikati ya meno mawili, na pakiguswa huwa laini. Mwenye madoa ya floridi asikubali kuchimbwa meno kwa sababu ya rangi, wala asijisugue kwa majivu, makaa au ndimu. Hivyo hula enameli na kuiacha rangi pale pale. Zipo njia za kuyang'arisha au kuyafunika madoa hayo, lakini hiyo ni kazi ya urembo ambayo mtu huichagua kwa hiari yake. Isipokuwa madoa yakiwa makali sana: hapo enameli huwa dhaifu, humeguka, na vishimo vyake vinaweza kuoza kama jino jingine lolote.

Wazazi wengine, wakisikia habari hizi, hununua dawa ya meno isiyo na floridi. Tunawaelewa, lakini tungewashauri vingine. Punguza floridi kwenye maji, usiiondoe kwenye mswaki. Mtoto chini ya miaka 3 awekewe dawa kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, na afundishwe kutema. Kwa maji ya kunywa ya watoto wadogo, maji ya mvua ni bora, au yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa ambalo baadhi ya familia zetu hulitumia. Kuyachemsha hakusaidii kwa hili. Kunaua vijidudu, lakini floridi hubaki, tena huzidi kidogo kwa sababu maji yamepungua.

Maumivu yanasema nini

Tundu likiwa bado kwenye dentini, jino hushtuka kwa maji baridi, kwa peremende au kwa upepo wa asubuhi. Maumivu huja kama kisu na kuondoka ndani ya sekunde chache. Hii ni habari njema, hata kama haionekani hivyo. Inamaanisha neva iko hai na inalalamika tu. Jino kama hilo karibu kila mara huokolewa kwa kizibo cha kawaida. Ukiwa hapa, usingoje mwisho wa mwezi ujao.

Maumivu yakianza kukaa dakika kadhaa baada ya chai ya moto, yakikuamsha usiku, yakidunda kama ngoma unapolala chali, au yakija bila sababu, neva imeumia kiasi cha kutopona. Kuziba juu yake peke yake hakutatosha. Chaguo lililobaki ni kutibu mzizi au kung'oa.

Yakiisha ghafla baada ya siku au wiki za mateso, ni kisa cha yule kijana wa boda boda. Baadaye unaweza kuona kipele kwenye ufizi kinachotoa usaha na kujifunga, au ukahisi jino limerefuka na linauma ukiliumia. Antibiotiki za kununua dukani hutuliza uvimbe kwa siku chache, lakini haziwezi kuingia ndani ya jino lisilo na damu. Chanzo hubaki, na mara ya pili huwa mbaya zaidi. Kuhusu karafuu, wazee hawakukosea: mafuta yake hutuliza neva, na hata madaktari wa meno hutumia kiini chake. Hayatibu, lakini yatakusogeza hadi asubuhi. Kitu cha kuepuka kabisa ni kuweka aspirini juu ya ufizi, kwani huunguza nyama na kukuongezea kidonda.

Shavu au shingo ikifura pamoja na homa, ikiwa ni vigumu kumeza, kufungua mdomo au kupumua, au uvimbe ukifika karibu na jicho au chini ya ulimi, hiyo si tena habari ya kliniki ya meno ya kesho. Nenda kwenye idara ya dharura siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Usaha wa jino umewahi kuua watu.

Jinsi ya kuziba

Hofu kubwa ya watu ni mashine ya kutoboa. Wengi hawajui kwamba matundu mengi yanaweza kuzibwa bila mashine hiyo. Ipo mbinu ya kutumia vifaa vya mkono tu: daktari au afisa wa afya ya kinywa hukwangua sehemu iliyolainika, kisha hujaza tundu kwa simenti ya glasi ayonoma, ambayo hushikamana na jino na kutoa floridi kidogo kidogo. Mara nyingi haihitaji hata sindano. Mbinu hiyo ilianza jirani zetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980, mahali pasipokuwa na umeme wa kuendesha kiti cha meno, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza duniani mwaka 1994. Mwaka 2021 shirika hilo liliiweka simenti hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Udhaifu wake ni kwamba kwenye tundu kubwa linalogusa pande mbili au tatu za jino, huvunjika mapema kuliko vizibo vingine. Kwa tundu dogo la juu ya gego, inatosha vizuri.

Kizibo cha rangi ya jino, kinachogandishwa kwa taa ya buluu, ni imara na kinapendeza, hasa kwa meno ya mbele. Lakini kinataka jino liwe kavu kabisa wakati wa kazi, na huchukua muda na gharama zaidi. Kile cha zamani cha rangi ya fedha hudumu sana, ila kina zebaki. Chini ya Mkataba wa Minamata, nchi zinatakiwa kutokitumia kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha. Kama unacho tayari na hakina tatizo, hakuna haja ya kukimbilia kukitoa. Kukichimba ndiko hutoa mvuke mwingi wa zebaki kuliko kukiacha.

Kuna jambo lililobadilika katika taaluma hii ambalo wagonjwa hushangaa kulisikia. Zamani tulifundishwa kuondoa kila chembe iliyooza hadi dentini ngumu. Siku hizi, tundu likiwa limekaribia moyo wa jino na neva bado ni nzima, tunaweza kuacha kwa makusudi sehemu laini ya chini kabisa na kuifunga vizuri juu. Bakteria waliofungiwa hukosa chakula na kuzubaa. Kuchimba hadi mwisho kungetoboa moyo wa jino na kuliua bure. Kwa hiyo ukisikia daktari akisema ameacha kidogo, si uvivu.

Na si kila doa jeusi huchimbwa. Kuoza kunaweza kusimama kwenyewe, pakawa peusi, pagumu na pang'avu. Hapo tunaandika kwenye faili na kupatazama tena baada ya miezi kadhaa. Daktari anayekuambia "tungoje tuone" huenda ndiye aliyeliangalia jino lako kwa makini zaidi.

"Si ni meno ya utoto tu?"

Swali hili tunalisikia kila siku. Mama huja na mtoto wa miaka 5, gego limetoboka, na husema, "Daktari, si yatang'oka tu?" Yatang'oka, ndiyo, lakini magego ya utoto hukaa hadi umri wa miaka 10 hadi 12. Hiyo ni miaka 5 au zaidi ya kutafuna upande mmoja, kukosa usingizi na kukosa masomo. Pia ndiyo yanayoshika nafasi ya meno ya kudumu. Yakitoka mapema, ya jirani huegemea na yanayofuata huota kombo.

Kwa mtoto mdogo ambaye hawezi kutulia kwenye kiti, ipo dawa ya majimaji yenye fedha na floridi ambayo hupakwa kwa kijibrashi ndani ya dakika chache. Husimamisha kuoza, haina sindano wala mashine, lakini hulifanya tundu kuwa jeusi moja kwa moja. Mzazi aelezwe hivyo kabla, aamue. Binafsi naona gego jeusi lisilouma ni afadhali kuliko jeupe linalomliza mtoto usiku.

Kuna gego moja ambalo wazazi hulipoteza bila kujua. Mtoto akifika miaka 6 hivi, huota gego jipya nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila lolote kung'oka. Kwa kuwa hakuna lililotoka, watu hudhani nalo ni la utoto, na likioza husema litaota jingine. Halitaota. Ni la kudumu. Mfungue mtoto wako mdomo leo jioni uhesabu. Mifereji yake ikiwa ya kina, inaweza kupakwa utando wa kuiziba kabla haijaoza.

Kutibu mzizi, au kung'oa?

Neva ikishakufa, jino bado linaweza kubaki. Daktari hutoa kilichomo ndani, husafisha mifereji ya mizizi na kuijaza. Jino la mbele huwa na mfereji mmoja, gego huwa na mitatu au minne, na ndiyo maana gego huchukua muda na pesa zaidi. Inaweza kuwa safari 2 au 3, pamoja na picha za eksrei. Gego lililotibiwa hivyo huwa rahisi kupasuka, kwa hiyo linafaa kuvikwa kofia. Ukitibu mzizi halafu ukaishia na kizibo cha muda kwa mwaka mzima, umepoteza fedha zako.

Hatutasema kung'oa ni makosa daima. Jino lililopasuka hadi chini ya ufizi, lisilo na ukuta wa kushikilia kizibo, au linalotikisika kwa sababu mfupa umeliwa, litoke. Na mtu asiyeweza kurudi mara 3 wala kulipia kofia, kung'oa kwa usalama ni bora kuliko tiba ya mzizi iliyoachwa katikati. Ila ajue kinachofuata: meno ya jirani huegemea pengo, lile linaloelekeana nalo hushuka au hupanda polepole, na jino la bandia huenda likamgharimu zaidi ya kizibo ambacho angewekewa mwanzoni.

Kabla hujakaa kwenye kiti

Huduma ya meno haipatikani katika kila zahanati. Muulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako ni hospitali gani ya karibu iliyo na kitengo cha meno, na siku zake za kuziba, kwani siku za kung'oa na za kuziba huweza kuwa tofauti. Kwenye dawati la SHA uliza mapema ni matibabu gani yanayolipiwa katika kituo hicho. Ukienda kliniki ya kibinafsi, una haki ya kuomba kuona leseni ya mwaka huu ya KMPDC. Wanaong'oa meno sokoni kwa koleo hawana.

Muulize daktari: neva iko hai? Jino hili linaweza kuzibwa? Ni safari ngapi, na gharama yote hadi mwisho ni kiasi gani? Mwambie ukiwa na kisukari, presha, ugonjwa wa moyo, au ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mjamzito asiogope kutibiwa jino. Miezi ya katikati ya mimba ndiyo inayofaa zaidi kwa kazi ya kawaida, lakini maumivu na usaha hutibiwa mwezi wowote.

Na kula kabla ya kuja. Sindano ya ganzi haihitaji tumbo tupu, na mwenye njaa pamoja na hofu ndiye huzirai kwenye kiti.